Sanduku la Muziki la Kale Lenye Tenzi: Mwongozo Kamili wa Kuliamsha Bila Kuvunja Kichana

"Fundi, sijafanya kitu. Nilitia ufunguo tu, nikavuta ule mkono."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila yanapokuja huja na picha ileile: kichana cha chuma kilichokatika meno, na silinda ya shaba ambayo pini zake zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Mwenye sanduku anasema kweli. Hakufanya kitu. Ila sanduku lililokaa kimya miaka arobaini, likitiwa ufunguo kabla ya kukaguliwa, linaweza kujivunja lenyewe kabla hujamaliza kusema "simama".

Nimekuwa nikiwajibu watu mmoja mmoja. Wengi wao wamenunua sanduku kwenye masoko ya vitu vya kale huko Uingereza au Marekani, wengine wamelikuta katika nyumba ya mzee aliyefariki, na karibu wote wamelipenda kwa sababu moja: karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko imeorodhesha tenzi za kanisani wanazozijua tangu utotoni. Sasa naandika yote mahali pamoja. Soma mpaka mwisho kabla ya kugusa sanduku.

Mwongozo huu unahusu sanduku la silinda, la aina iliyotengenezwa kwa wingi Geneva na Sainte-Croix, Uswisi, katika karne ya 19. La sahani ya chuma nimelitengea sehemu yake karibu na mwisho. Kama lako lina mvukuto wa kupuliza hewa, mwongozo huu haulihusu.

## Sehemu unazopaswa kuzijua kwa majina

Silinda ni ngoma ya shaba iliyochomekwa maelfu ya pini nyembamba za chuma. Mbele yake kuna kichana, yaani bamba la chuma kigumu lililokatwa meno. Pini hunyanyua ncha ya jino, ikiliachia linatetemeka, na huo ndio mlio. Jino refu na zito hutoa sauti nene. Fupi na jepesi, sauti nyembamba. Chini ya meno ya sauti nene kumegandishwa vipande vya risasi ili kuyaongezea uzito.

Wimbo mmoja ni mzunguko mmoja wa silinda, karibu dakika moja. Ukiisha, silinda nzima husogea pembeni kiasi cha unene wa uzi, na pini za wimbo mwingine zinakuja mbele ya ncha za meno. Ndiyo maana silinda moja hubeba nyimbo 6, 8, 10 au 12 bila kuchanganyika.

Upande mmoja kuna pipa lenye springi. Upande wa pili kuna breki ya upepo: gia ndogo zinazoishia kwenye mhimili mwembamba uliochongwa skrubu, na juu ya mhimili huo kuna mabawa mawili. Mabawa yakizunguka hukinzana na hewa, na ukinzani huo ndio unaofanya springi ijifungue taratibu.

Utazame vizuri mhimili huo. Unene wake ni wa njiti ya kiberiti, na ndio peke yake unaozuia nguvu yote ya springi isimwagike kwenye kichana. Ukiteleza, ukivunjika, au mtu akiufungua springi ikiwa imejaa, silinda huzunguka kwa kasi mpaka springi iishe. Mafundi tunasema sanduku "limekimbia". Nimeona sanduku likikimbia mara moja maishani, nikiwa mwanafunzi wa kazi. Nilikuwa nimelegeza skrubu mbili za breki ili nisafishe vizuri. Mlio wake ni kama mnyororo unaovutwa juu ya bati, kisha kimya. Meno kumi na manne yalikuwa yamekatika, na pini za nyimbo zote nane zilikuwa zimeinama.

## Vifaa

- Taa nyeupe ya mezani na kioo cha kukuzia, ikiwezekana kile cha fundi saa.
- Miwani ya kukinga macho.
- Brashi mbili laini za kuchorea: moja ya upana wa kidole, nyingine nyembamba.
- Pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, ile ya kusafishia kamera.
- Vijiti vya meno vya mbao, angalau ishirini.
- Spiriti safi ya kusafishia, kiasi cha kifuniko cha chupa.
- Mafuta ya saa, chupa ndogo kabisa, pamoja na sindano ya kudondoshea.
- Bisibisi inayoingia sawasawa kwenye skrubu. Kama inacheza ndani ya mfereji wa skrubu, siyo hiyo.
- Simu ya kupigia picha na kurekodi sauti.
- Taulo nene la kuweka chini ya sanduku.

Usilete mezani mafuta ya kupikia, mafuta ya cherehani, dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, wala pampu ya upepo wa nguvu. Mafuta mazito hugeuka gundi. Dawa ya kupuliza huenea mpaka kwenye kichana na kuharibu vinyamazishi, nitakavyovieleza. Upepo wa nguvu huving'oa kabisa.

## Hatua ya 1: Chukulia kwamba springi imejaa

Weka sanduku juu ya taulo, fungua kifuniko, na usiguse wenzo wowote. Muuzaji akikuambia "springi imekatika" au "haijatiwa ufunguo", usimwamini. Masanduku mengi yanayodhaniwa kufa yana springi iliyojaa pomoni, ila mafuta yaliyoganda yameishika breki. Ukiyalainisha tu, nguvu ya miaka yote hiyo inaamka kwa mpigo.

Sasa tazama ncha za meno zinapokutana na silinda. Sanduku likitulia mwisho wa wimbo, mbele ya ncha kuna mstari mtupu usio na pini, unaokwenda urefu wote wa silinda. Ukiuona huo, sanduku lilizimwa vizuri. Ukiona baadhi ya meno yamenyanyuliwa na pini, lilisimama katikati ya wimbo. Hapo usilisafirishe wala kuliinamisha, kwa kuwa mtikisiko mmoja unatosha kukata ncha iliyobanwa.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa uhakika: limesimama mwisho wa wimbo, au limesimama katikati.

## Hatua ya 2: Piga picha, hesabu meno

Piga picha karatasi ya nyimbo, silinda nzima, kichana kutoka kushoto hadi kulia, na breki kutoka pande mbili. Kisha hesabu meno yaliyokatika. Tumia kioo, maana jino lililokatika ncha tu halionekani kwa macho. Linganisha na jirani zake: ncha zote ziwe kwenye mstari mmoja ulionyooka.

Sababu ya kufanya haya sasa ni kwamba baadaye utasikia noti zinazokosekana, na utataka kujua kama ni wewe uliyeziharibu. Pia fundi yeyote utakayemwandikia ataomba picha hizi kwanza.

Utaona pini zote zimeinama kidogo kuelekea upande mmoja. Hazijaharibika, watengenezaji waliziinamisha makusudi. Kuna kaka mmoja aliyeniandikia kwa furaha kwamba amezinyoosha zote kwa kibano, kazi ya wiki tatu. Kila noti sasa inakuja kwa wakati usio wake, na silinda ile inahitaji kupandwa pini upya. Usinyooshe pini.

## Hatua ya 3: Kagua breki kabla ya kitu kingine chochote

Usiharakishe hapa. Vaa miwani.

Kwanza, skrubu zinazoshikilia breki kwenye bamba la chini. Jaribu kuzikaza, kwa mkono mwepesi. Kukaza ni salama. Kulegeza, hata robo mzunguko, ndiko kulikonigharimu meno kumi na manne.

Pili, kijiwe kilicho juu ya mhimili wa mabawa. Ncha ya mhimili huegemea kito kidogo, mara nyingi chekundu. Kimulike kwa taa. Kinatakiwa king'ae na kiwe kizima. Kikiwa na ufa, au mahali pake pakiwa na tundu tupu, simama hapo. Sanduku hilo halitiwi ufunguo mpaka kijiwe kibadilishwe.

Tatu, uchezaji wa mhimili. Kwa ncha ya kijiti cha meno, usukume kidogo juu na chini. Kuwe na nafasi ndogo sana, ya kuhisiwa zaidi kuliko kuonekana. Ukiganda kabisa, kuna uchafu. Ukiyumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, umekwisha kulika, na unaweza kuchomoka kwenye gia yake.

Nne, meno ya gia inayouzungusha mhimili. Yatazame kwa kioo mahali yanapogusana na skrubu. Meno mazima yana mabega ya mviringo. Yaliyolika yamechongoka kama msumeno.

Likishindwa jambo lolote kati ya hayo manne, kazi yako ya nyumbani imeishia hapa, na umeokoa kichana. Kurekebisha breki kunataka springi itolewe nguvu yote kwanza, na hata sanduku lililocheza mpaka likasimama lenyewe bado lina nguvu iliyobaki ndani ya pipa. Kuna namna ya kuitoa, lakini siifundishi kwa maandishi. Inafundishwa mkono kwa mkono.

Umefaulu ikiwa skrubu zimekaza, kijiwe ni kizima, mhimili una nafasi ndogo, na gia ina mabega.

## Hatua ya 4: Ondoa vumbi, na vumbi tu

Anza na bamba la chini na pembe za sanduku, kwa brashi pana. Puliza kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu.

Kwenye kichana, piga brashi kuanzia shina la jino kwenda nchani, kufuata urefu wake. Ukipiga kwa kukingama utashika vinyamazishi. Hivi ni vitu vidogo vilivyo chini ya ncha za meno: vya sauti nene ni uzi wa chuma uliokunjwa, mwembamba kama unywele; vya sauti nyembamba ni vipande vya unyoya wa kuku. Kazi yake ni kunyamazisha jino punde tu kabla pini haijaligusa tena. Vitu hivi vimedumu zaidi ya miaka mia moja, lakini kitambaa kimoja kikivipitia vinakwisha. Kwa hiyo kitambaa kisikaribie silinda wala kichana.

Silinda isisuguliwe. Usiipake spiriti wala kuiosha. Ndani yake imemiminwa utomvu ulioganda, na huo ndio unaoshika mizizi ya pini zote. Spiriti huulainisha, na joto huuyeyusha. Nimeletewa sanduku lililoachwa ndani ya gari juani siku nzima: utomvu ulitelemka upande mmoja, na pini za juu zikabaki zimeshikwa na shaba peke yake.

Spiriti isiguse pia mbao za nje. Vanishi ya zamani hutoka nayo papo hapo, na kuacha doa jeupe.

Ukiona unga wa kijivu au mweupe chini ya meno mazito, ni risasi inayooza. Ni sumu. Usiukwangue, usiupulize, osha mikono kwa sabuni, na watoto wasikaribie. Risasi ikivimba sana hugusa ya jirani na meno hushikana. Hiyo ni kazi ya fundi.

## Hatua ya 5: Mafuta, tone kwa tone

Kwanza toa mafuta ya zamani kwenye breki. Lowesha ncha ya kijiti kwa spiriti, kikung'ute kiwe na unyevu tu, kisha ukizungushe pale mhimili unapoingia kwenye kijiwe, chini yake, na kwenye egemeo za gia. Kijiti kitatoka na uchafu wa kahawia. Tupa, chukua kingine. Kwenye breki moja huwa natumia vijiti kumi mpaka kumi na tano, na huacha pale tu kijiti kinapotoka na rangi yake ya mbao. Ngoja nusu saa pakauke.

Kisha tia mafuta. Chovya sindano, iguse mahali panapohusika, basi. Tone liwe dogo kuliko kichwa cha pini. Sehemu ni hizi tu:

- ncha ya juu na ya chini ya mhimili wa mabawa;
- egemeo za gia za breki;
- mfereji wa skrubu ya mhimili, kwa kuupaka tu;
- egemeo mbili za silinda, kushoto na kulia.

Kichana hakitiwi mafuta, pini hazitiwi, wala vinyamazishi na mabawa. Watu husikia mlio wa kukwaruza wakadhani chuma kinalilia mafuta. Hakililii mafuta. Mafuta kwenye kichana hukusanya vumbi, hugandisha manyoya, na kuua mwangwi wa noti, ambao ndio uzuri wote wa chombo hiki.

Umefaulu ikiwa ukitazama kwa kioo unaona mng'ao kidogo kwenye egemeo, wala hakuna tone linaloning'inia.

## Hatua ya 6: Ufunguo wa kwanza

Lipe sanduku saa chache mafuta yapenye. Kisha ufunguo mdogo sana: kama ni la mkono wa kuvuta, mivuto miwili mifupi, kama ni la ufunguo, nusu mzunguko. Springi yenye nguvu ndogo, hata ikikimbia, haina uwezo wa kuvunja kila kitu.

Ukihisi mkono ni mgumu tangu mwanzo, springi imejaa tayari. Acha kabisa kuongeza.

Sogeza wenzo wa kuwasha. Mabawa yanatakiwa yaanze taratibu, yashike kasi ndani ya sekunde moja au mbili, kisha kasi ibaki ileile. Mlio wake ni mvumo hafifu. Weka macho kwenye mabawa, usiyaweke kwenye silinda, ingawa silinda ndiyo inayovutia.

Yasipoanza, usiyasukume kwa kidole. Rudisha wenzo, rudia kusafisha kwa vijiti, ngoja kesho. Yakienda kasi mara yapungue mara yaongezeke, zima mwisho wa wimbo. Huo ni uchafu kwenye gia au mhimili uliopinda.

Wenzo wa kuzima hausimamishi muziki papo hapo, nao haukuundwa hivyo. Unausogeza, sanduku linamalizia wimbo, kisha linaingia kwenye ule mstari mtupu na kusimama. Ngoja limalize.

Umefaulu ikiwa wimbo mmoja umecheza mzima, mwendo mmoja, na sanduku limesimama lenyewe kwenye mstari mtupu.

## Hatua ya 7: Sikiliza kila wimbo mara mbili

Ongeza ufunguo kidogo kidogo siku zinazofuata, na sikiliza ukiwa na karatasi na kalamu.

Mlio mfupi wa "chwii" kabla ya noti, kama kifaranga, ni kinyamazishi kilichotoka. Pini inagusa jino ambalo bado linatetemeka. Ni kasoro ya kawaida kuliko zote, na sanduku linaweza kuendelea kuchezwa nayo bila madhara makubwa.

Mvumo kama wa nyuki, unaokuja na noti fulani tu, unaweza kuwa risasi iliyolegea, au kioo cha kifuniko cha ndani kinachotikisika. Bonyeza kioo kwa kidole. Ukikoma, una bahati.

Mgongano wa chini unaorudi mara moja kila mzunguko, hata kwenye wimbo ulio mtulivu, ni utomvu ulioachana na shaba. Sanduku hilo lipumzike mpaka fundi alione.

Noti inayokosekana katika nyimbo zote ni jino lililokatika. Inayokosekana katika wimbo mmoja tu ni pini. Tofauti hiyo iandike, kwa kuwa gharama zake hazilingani.

Noti mbili jirani zinazolia pamoja kila mara, na nyimbo zote zikisikika kama zimevaa nyingine juu yake, maana yake silinda haikusogea sawasawa na pini zinagusa ncha za pembeni. Zima haraka mwisho wa wimbo. Kuendelea kunasaga ncha.

Kuhusu mwendo: tenzi hizi zinatakiwa ziende kwa kasi ambayo mtu anaweza kuimba nazo, akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Ikiwa sanduku linakimbiza utenzi kama wimbo wa kucheza na breki ni nzima, tazama mabawa. Mengi yanafunguka na kukunjwa. Sanduku likiwa limezimwa, yafungue kidogo yawe mapana zaidi; yatakinzana na hewa zaidi na mwendo utapungua. Imba nao, sogeza tena, mpaka mistari ikae.

## Hatua ya 8: Kutambua tenzi zilizomo

Karatasi ya kwenye kifuniko huandika jina kwa Kiingereza au Kifaransa, mara nyingi kwa mwandiko wa mkono uliofifia. Ukiona Abide with Me, ni Kaa Nami. Rock of Ages ni Mwamba Wenye Imara. Nearer, My God, to Thee ni Karibu na Wewe.

Wengi hudhani sanduku limeharibika hapa, na kosa si lao. Mama mmoja aliniletea sanduku zuri la nyimbo nane akaniambia, "Fundi, karatasi hii inadanganya. Wimbo wa tatu siyo Karibu na Wewe. Mimi nimeuimba kanisani tangu nina miaka sita." Tukasikiliza pamoja. Noti zote zilikuwepo, hakuna jino lililokosa. Karatasi nayo ilikuwa sahihi. Maneno ya utenzi huo huimbwa kwa tuni zaidi ya moja: Wamarekani huuimba kwa tuni iitwayo Bethany, ambayo ndiyo niliyofundishwa mimi pia, lakini Uingereza wengi waliuimba kwa Horbury. Sanduku lake lilitengenezwa kwa wanunuzi wa Uingereza. Mwamba Wenye Imara nao ni hivyohivyo: tuni iitwayo Toplady kwa Wamarekani, tuni nyingine kwa Waingereza. Alikaa kimya, akaomba tuucheze tena, na mara ya tatu alikuwa ameanza kuimba maneno yake juu ya tuni ngeni, na yakaingia.

Kwa hiyo kabla ya kusema pini zimekosewa, fanya hivi. Rekodi wimbo kwa simu, ukiiweka hatua moja mbali na sanduku, kwenye meza nyingine. Hesabu mistari na silabi: maneno ya utenzi uliotajwa yakikaa sawasawa kwenye noti, ni tuni tofauti tu. Yasipokaa, huenda karatasi ni ya sanduku lingine, au unahesabu kuanzia wimbo usio wa kwanza. Mfululizo huzunguka bila kusimama. Tafuta wimbo mmoja usio na shaka, mpe namba yake ya kwenye karatasi, kisha endelea kutoka hapo.

Wenzo wa pili, ulio karibu na wa kuwasha, hubadilisha wimbo au kuurudia. Usogeze sanduku likiwa limesimama mwisho wa wimbo. Ukiusogeza pini zikiwa chini ya meno, silinda itajaribu kusogea pembeni na kitu kimoja lazima kikubali.

## Kama lako ni la sahani

Masanduku ya sahani yalitoka hasa Leipzig, Ujerumani, yakiwa na majina kama Symphonion na Polyphon, na Rahway, New Jersey, kwa jina la Regina. Hapa silinda haipo. Sahani ya chuma iliyotobolewa ina vijino upande wa chini. Vijino huzungusha magurudumu madogo ya nyota, na nyota ndizo zinazokwanyua kichana. Faida yake ni kubwa: unaweza kununua sahani za tenzi zaidi, mradi zilitengenezwa kwa aina na kipenyo cha sanduku lako. Pima kwa milimita kabla ya kulipa.

Hatua ya 1 hadi ya 6 zinafuatwa vilevile, ikiwemo breki. Ongeza haya. Pitisha kidole upande wa chini wa sahani kabla ya kuiweka, na kijino kilichopinda usikicheze. Kutu ya sahani itolewe kwa brashi kavu, mbali na sanduku, unga usidondokee nyota. Weka sahani kwa kuishusha wima juu ya msumari wa katikati, matundu ya ukingoni yakae kwenye meno ya gia, ndipo ufunge upau wa kuibana. Usiitelezeshe kamwe ikiwa imegusa nyota.

## Kuhifadhi na kusafirisha

Sanduku halipendi springi iliyojaa likiwa limelala. Ukimaliza kusikiliza, liache licheze mpaka uone linaanza kuchoka, kisha lizime mwisho wa wimbo huo. Usilisubiri lisimame lenyewe, kwa sababu litasimama katikati, pini zikiwa zimebana meno. Kabla ya safari ya aina yoyote fanya hivyohivyo, likae sawasawa kama linavyokaa mezani siku zote, na wenzo wa kuwasha uufunge kwa uzi usisogee.

Walioko Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar wana adui wa ziada, hewa yenye chumvi. Kutu ikianza kwenye kichana, hubadilisha sauti ya jino kabla hujaiona kwa macho. Weka ndani ya sanduku vifuko viwili vya chembe za kufyonza unyevu, mbali na gia, uvibadilishe kila vinapojaa. Weka sanduku ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha na jiko. Licheze mara moja kwa mwezi, angalau nyimbo mbili, mafuta yasigande.

## Ukihitaji fundi

Fundi saa mzuri si lazima awe fundi wa masanduku haya. Muulize swali moja: "Utaanza na nini?" Akijibu chochote kisichokuwa kutoa nguvu ya springi, mshukuru uondoke na sanduku lako.

Walio Marekani wana chama cha wapenzi wa vyombo hivi, Musical Box Society International, kilichoanzishwa mwaka 1949, na mkusanyiko mkubwa wa vyombo hivi wa Murtogh Guinness katika makumbusho ya Morris Museum, New Jersey, ambako unaweza kusikia sanduku zima linavyopaswa kulia. Walio Ulaya waende Museum Speelklok, makumbusho ya vyombo vya muziki vinavyojicheza vyenyewe, Utrecht, Uholanzi. Nenda ukiwa na rekodi yako kwenye simu, usikilize la kwao kisha lako. Mwili wa noti utakuambia mengi ambayo maandishi hayawezi.

Unapomwandikia fundi, mtumie picha za Hatua ya 2, rekodi ya wimbo mmoja mzima, idadi ya meno yaliyokatika, namba za nyimbo zenye noti zinazokosekana, na majibu yako manne ya Hatua ya 3. Mwambie pia kama sanduku limesimama mwisho wa wimbo au katikati, na kama springi imetiwa ufunguo. Hayo mawili yaandike pia kwenye kipande cha karatasi, ukibandike juu ya kifuniko kabla sanduku halijatoka nyumbani kwako.